Droni iliyotumika kidogo: bei yake inaanzia wapi?

Msomaji mmoja wa Arusha ameniandikia, nami nimefupisha barua yake:

"Mwaka 2023 nilinunua droni ya DJI Mini 3 Pro, ile yenye rimoti ya skrini, pamoja na betri mbili za ziada, kituo cha kuchajia na begi. Mpaka inafika mkononi ilinitoka kama milioni 3.2. Nilitaka kuingia kwenye kazi za harusi na mahoteli, mambo hayakwenda. Nimeirusha kidogo sana, haijawahi kuanguka. Ina mchubuko mdogo kwenye mkono mmoja wa mbele. Betri zinasoma mizunguko ya kuchaji 38, 35 na 12. Jamaa yangu ananipa milioni 1.1 taslimu. Mtandaoni naona mtu anauza kama hii kwa milioni 2.6. Bei ya haki ni ipi?"

Kaka, nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Tangaza kwa milioni 1.75, na uwe tayari kushuka hadi milioni moja na nusu. Chini ya hapo unauza kwa shida. Juu ya hapo unamsubiri mtu asiyejua bei, na watu hao ni wachache siku hizi, maana mtu hakupigii kabla hajapekua bei kwenye simu yake. Milioni 1.1 ya jamaa yako isikuudhi, hiyo ni bei ya dalali: anajua atatafuta mteja na kuweka cha juu. Na huyo wa milioni 2.6, angalia tangazo lake limekaa tangu lini. Tangazo linakuambia mtu anataka ngapi, halikuambii alipata ngapi.

Sasa hesabu. Wauzaji wengi huanzia kwenye risiti: nilinunua kwa 3.2, nimekaa nayo muda fulani, napunguza asilimia ishirini, basi naiuza 2.5. Hesabu hiyo inamridhisha muuzaji peke yake. Mnunuzi hana habari na 3.2 yako. Yeye anajiuliza: hela hii niliyonayo, nikiingia nayo dukani leo, napata kitu gani kipya cha kufanya kazi ileile? Bei ya hicho kitu kipya ndiyo kikomo chako cha juu. Huwezi kukifikia, achilia mbali kukivuka, hata kama droni yako inang'aa.

Na kikomo hicho kwenye droni za kampuni ya DJI hakikai mahali pamoja. Mini 3 Pro ilitoka Mei 2022. Bei yake rasmi Marekani, ikiwa na rimoti ya skrini, ilikuwa dola 909, na kile kifurushi cha betri mbili, kituo cha kuchajia na begi kiliuzwa kando kwa dola 189. Jumla dola 1,098. Septemba 2023 ikatoka Mini 4 Pro, na kifurushi chake kamili, chenye rimoti mpya ya skrini na betri tatu, kikapangiwa dola 1,099. Kwa dola moja zaidi mtu akapata ndege inayoona vikwazo pande zote. Siku hiyo droni yako ilishuka bei ikiwa begini, wala hukuigusa.

Haikuishia hapo. Januari 2025 ikaja DJI Flip: dola 439 ikiwa na rimoti ya kuchomeka simu, 639 na rimoti ya skrini, na 779 kwa kifurushi kamili chenye betri tatu. Sensa ya kamera yake, yaani kile kipande kinachonasa picha, ni ya ukubwa uleule wa yako, inchi 1/1.3. Video ni 4K ya fremu 60 kwa sekunde kama yako, na uzito wake nao uko chini ya gramu 249. Kisha Septemba 2025 ikatoka Mini 5 Pro yenye sensa ya inchi moja, na Mini 4 Pro nayo ikawa toleo la zamani. Kwa hiyo mshindani wako halisi leo si yule mwenye Mini 3 Pro ya milioni 2.6. Mshindani wako ni Flip mpya, ikiwa kwenye boksi, na dhamana yake.

Tuweke namba. Dola moja niichukulie shilingi 2,500 kwa urahisi wa hesabu, wewe weka ya siku hiyo. Dola 779 ni kama milioni 1.95. Hiyo ni bei ya orodha huko nje. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka, na dukani kwetu utaikuta juu zaidi. Tuseme milioni 2.3. Usinishike kwenye hiyo namba. Pita maduka matatu au wapigie, uliza "Flip kamili yenye rimoti ya skrini ni bei gani", kisha uliza "na ya mwisho je?" Bei ya mwisho ndiyo unayoitumia.

Toka kwenye 2.3 unapunguza kwa sababu mnunuzi wako anakosa dhamana, anachukua kitu kilichotumika, na akipata tatizo kesho hana pa kukirudisha. Kwa droni iliyotunzwa, robo mpaka theluthi ya bei ndiyo punguzo ambalo watu hukubaliana bila kugombana. Hapo umefika kati ya milioni 1.5 na 1.7. Betri zitakata kama laki moja, nitakueleza. Mchubuko ukate elfu thelathini. Halafu rudisha laki moja au zaidi kidogo kwa yale ambayo droni yako inayo na Flip haina: sensa za kuona vikwazo mbele, nyuma na chini, ambapo Flip haioni nyuma kabisa. Na kamera yako inageuka ubavu yenyewe ili kupiga video ya wima kwa sensa nzima, bila kukata picha. Kwa anayeishi kwa kupiga video za TikTok na Instagram, hilo la mwisho ni jambo kubwa, na ningeliweka mstari wa kwanza wa tangazo.

Ndiyo maana nikasema 1.75 ya kutangazia na 1.5 ya kukubali. Maduka yakikuambia Flip ni milioni 2, shusha zote mbili. Wakikuambia 2.6, pandisha. Kanuni ni hiyohiyo, namba ndizo zinazohama.

Onyo dogo kuhusu bei za Marekani, kwa sababu najua utaenda kuangalia huko. Soko lao limevurugika. DJI imewekewa vikwazo, matoleo mapya kama Mini 5 Pro na Mavic 4 Pro hayakuzinduliwa rasmi nchini humo, kwa hiyo droni zilizotumika zinauzwa kwa bei ambazo hazihusiani na za kwetu. Ukitaka mfano wa karibu, tazama Dubai. Droni nyingi zinazoingia huku zinapitia huko, na mnunuzi mwenye ndugu Dubai atakutajia bei ya huko kabla hujamaliza salamu.

Sasa betri, maana hapo ndipo bei inapoliwa bila watu kuona. Umesema droni umeirusha "kidogo sana". Jumlisha mizunguko yako: 38, 35 na 12 ni 85. Mini 3 Pro imetangazwa kukaa angani dakika 34, lakini kwa urushaji wa kawaida, mwenye akili anatua dakika ya ishirini na kitu. Hata tukichukua dakika 20 kwa kila mzunguko, unapata kama saa 28 angani. Hiyo ni "imetumika kidogo", na ni matumizi mazuri tu ya kuuzia. Ila ukiandika kwenye tangazo kwamba haijatumika, mnunuzi mjuzi atafungua ukurasa wa betri, atapiga hesabu hii hii, na kuanzia hapo hatakuamini hata kwenye yale uliyosema kweli.

Kwenye masharti yake ya dhamana DJI huweka mpaka wa mizunguko 200 kwa betri. Si kwamba betri inakufa ikifika 200, ila ni kipimo kinachokubalika cha kupigia hesabu. Betri zako tatu zina mizunguko 600 kwa kipimo hicho, umekula 85, yaani asilimia 14. Betri mpya ya kawaida ya Mini 3 Pro iliuzwa kwa takriban dola 65. Tatu ni dola 195, karibu laki tano kwa shilingi yetu, na asilimia 14 yake haifiki elfu sabini. Nimepandisha mpaka laki moja kwa sababu ya umri. Betri za lithiamu huzeeka hata zikiwa kabatini, na hiyo ya mizunguko 12 isikupe kiburi: kama imelala muda mrefu ikiwa tupu, huenda ndiyo mbovu kuliko zote tatu.

Namna ya kujua ni rahisi. Chaji zote zijae, weka moja moja kwenye droni, fungua programu ya DJI Fly, ingia kwenye mipangilio ya usalama, kisha taarifa za betri. Utaona idadi ya mizunguko na volti za seli. Betri hii ya kawaida ina seli mbili, na hizo mbili zinatakiwa kwenda pamoja. Zikipishana kwa volti 0.01 au 0.02, hakuna neno. Zikipishana kwa volti 0.1, hasa baada ya kurusha, hiyo betri imeanza kuchoka: iuze kama betri ya akiba, na useme wazi. Itoe pia uitazame kwa ubavu ukiwa umeilaza juu ya meza. Iliyovimba haikai sawasawa na inaingia kwa kusukumwa. Betri iliyovimba usiiuze kwa mtu yeyote, hata bure.

Nikuonyeshe mnunuzi anayejua anavyofanya, ili usishangae. Hataanza na kamera. Atafungua mikono minne, taratibu, akisikiliza bawaba, kisha atamulika na tochi ya simu pale mkono unapokutana na mwili, kwa sababu droni za familia ya Mini zikigonga kitu huweka ufa mwembamba kama unywele hapo. Atazungusha kila mota kwa kidole, zote nne, akilinganisha. Inatakiwa iteleze. Ikikwaruza, kuna mchanga au vumbi, na kwa vumbi la Arusha wakati wa kiangazi hilo si la ajabu. Atatazama kingo za propela na skrubu zake. Kichwa cha skrubu kilicholika kinamwambia propela zimebadilishwa, na atakuuliza kwa nini. Kisha atawasha, ashushe macho usawa wa gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera, aitazame ikijipanga: inatikisika kidogo, inatazama juu, inatazama chini, inatulia. Ikibaki inatetemeka, au upeo wa macho kwenye skrini ukilala upande, bei imeshuka hapohapo, maana gimbali ndiyo sehemu ghali na dhaifu kuliko zote.

Wewe fanya ukaguzi huo kabla yake. Gimbali ikilala upande, programu ina sehemu ya kuisawazisha. Weka droni juu ya meza iliyo sawa, bonyeza, subiri. Ikikaa sawa, umeokoa hela nyingi kwa dakika chache. Isipokaa, mpelekee fundi akuambie gharama kabla hujatangaza, ili ujue unapunguza kiasi gani badala ya kuachia mteja akupangie.

Kuhusu mchubuko wako, usiupake rangi wala usiufiche kwa stika. Upige picha ya karibu uiweke kwenye tangazo. Mchubuko unaoonekana unakata elfu thelathini. Mchubuko uliogunduliwa na mteja unakata laki mbili, kwa sababu anaanza kujiuliza kuna nini kingine.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linapandisha bei ya droni iliyotumika kuliko kitu kingine chochote: ushahidi. Ile robo au theluthi unayopunguza ni bei ya wasiwasi wa mnunuzi, na wasiwasi unaweza kuupunguza. Risiti ya ununuzi, hata kama ni ya Dubai. Boksi lenye seriali namba inayolingana na iliyo kwenye droni. Picha za skrini za betri zote tatu. Video moja ya dakika mbili isiyokatwa, inayoanza droni ikiwa mezani, inaruka, inasimama hewani bila kuyumba, inarudi, inatua. Ukiwa na hivyo vyote una haki ya kushikilia karibu na milioni 1.7. Usipokuwa navyo, hata milioni 1.3 mtu atatoa huku anasitasita, na simlaumu. Hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ila jihadhari na ushahidi mmoja ambao watu wanaupa uzito usiostahili. Programu ya DJI Fly inaonyesha kwenye wasifu jumla ya saa ulizorusha, umbali na idadi ya safari. Namba hizo ni za akaunti, si za droni. Aliyerusha droni tatu kwa akaunti moja zote zinajumlishwa, na aliyefungua akaunti mpya jana anaonekana hajawahi kuruka. Ukizionyesha, eleza hivyo. Mizunguko ya betri ndiyo shahidi mzuri zaidi, kwa sababu imehifadhiwa ndani ya betri yenyewe.

Rimoti yako je? Ni nzuri, na skrini yake inaonekana hata juani, lakini usishawishike kuivunja na kuiuza peke yake. Rimoti hiyo haifanyi kazi na Mini 4 Pro, ambayo inatumia mfumo mpya zaidi wa mawasiliano. Kwa hiyo soko lake ni la wenye droni za kizazi chako tu. Uza vyote pamoja. Anayetaka droni bila betri za ziada mwambie bei haishuki sana, kwa sababu betri zitakazobaki mkononi mwako bila droni ni mzigo.

Sasa vibali. Hapa kwetu hili linagusa bei moja kwa moja. Tanzania droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo inahusika katika kuridhia. Kama droni yako iliingia kihalali na una karatasi zake, hiyo ni sababu ya kutoshuka bei, kwa sababu mnunuzi anayefanya kazi za mahoteli ataulizwa karatasi hizo na wateja wake. Kama huna, sema huna, na nenda TCAA uulize utaratibu kabla hujauza. Mnunuzi makini atapunguza gharama na usumbufu wa kuzitafuta, na ana haki. Muulize pia afisa wa TCAA namna ya kubadilisha umiliki ili jina lako lisibaki kwenye chombo ambacho hukirushi tena. Mali bila daftari, wahenga walishasema.

Na ule uzito wa gramu 249 usiufanye hoja ya kuuzia. Mpaka wa gramu 250 umetoka kwenye sheria za nje. Marekani, kwa mfano, anayerusha kwa starehe droni iliyo chini ya hapo halazimiki kuisajili. Mtu akiinunua kwako akiamini wepesi wake unamwondolea kibali hapa Tanzania, akakamatwa, atakutafuta wewe.

Kwa kuwa uko Arusha, wateja wawili watakujia ambao wenzako wa mikoa mingine hawawapati. Wa kwanza ni watu wa utalii. Hawa hulipa vizuri, hasa kabla ya msimu mkubwa wa Juni hadi Oktoba, kwa hiyo kama unaweza kusubiri, tangaza Aprili au Mei. Lakini watakuuliza kama itaruka hifadhini, na jibu ni kwamba hifadhini hakuna kurusha bila ruhusa ya wenye hifadhi. Kuna mmoja atauliza kama itapanda naye Kilimanjaro. Kwa betri ya kawaida, DJI wameweka mwisho wa kurukia kwenye mwinuko wa mita 4,000, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Usimuahidi kitu ili tu umalize biashara.

Wa pili ni mteja wa Nairobi. Anaweza kukupa bei nzuri kuliko wote, na Namanga si mbali. Tatizo ni kwamba Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya huko, KCAA, na kuingiza droni nchini kunahitaji idhini yao. Kama anayo, mkamilishe. Kama anakuambia "wewe nivushie tu, tutaelewana huku", mwache. Laki mbili za ziada hazilipi droni iliyozuiwa mpakani ikiwa bado ina jina lako.

Tukirudi kwenye bei yenyewe. Kwenye tangazo andika namba, kisha "maelewano yapo". Kuandika "bei maelewano" bila namba kunakuletea meseji nyingi na wateja wachache. Mtu akikuandikia "bei ya mwisho?" kabla hajaiona droni, usijibu na namba. Mjibu, "Karibu uione kwanza, kaka, hatutashindwana." Anayekuja kuiona ndiye mnunuzi. Akiishika, akaikagua, akataja 1.3, una nafasi ya kumrudisha kwenye ushahidi wako: betri hizi hapa, boksi hili hapa, Flip mpya dukani ni kiasi hiki. Shuka mara mbili tu, kwa hatua ndogo. Kutoka 1.75 nenda 1.65, kisha 1.55. Ukishuka laki tatu kwa mkupuo, unamfundisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya utani.

Jamaa yako wa milioni 1.1 usimkatalie kwa ubaya. Mwambie unaitangaza kwa muda fulani, ikishindikana utamtafuta. Kama una ada ya shule ya wiki hii au kodi ya nyumba imefika, chukua hela yake na usijute, kwa sababu taslimu ya leo nayo ina thamani, na droni kila mwezi inashuka. Ningekuwa na nafasi ya kusubiri mwezi mmoja au miwili ningesubiri. Zaidi ya hapo hapana. Toleo jipya likitangazwa ukiwa bado umeishikilia, utaanza kupiga hesabu upya kutoka chini.

Siku ya kukabidhiana, kutaneni sehemu yenye watu na mtandao mzuri, kwa sababu intaneti mtaihitaji. Hela ionekane kwenye salio lako la simu au benki, si kwenye meseji. Meseji za uongo za malipo zinatengenezwa na zinafanana na za kweli, kwa hiyo angalia salio mwenyewe. Andikianeni karatasi fupi ya mauziano: aina ya droni, seriali namba ya droni na ya rimoti, idadi ya betri na mizunguko yake, bei, tarehe, nakala za vitambulisho vya NIDA, sahihi. Weka mstari unaosema mnunuzi ameikagua na kuirusha akaridhika. Ukikubali kumpa siku chache za kurudisha, andika ni siku ngapi na kwa kasoro ipi, maana "nitakurudishia kama ina shida" bila mpaka huzaa ugomvi.

Kisha, kabla hajaondoka, fungua DJI Fly kwa akaunti yako, droni ikiwa imewashwa na imeunganishwa, nenda kwenye wasifu, kwenye usimamizi wa vifaa, uiondoe droni kwenye akaunti yako. Mnunuzi aingie kwa akaunti yake aiunganishe mbele yako. Hatua hii ikirukwa, ameondoka na chombo kinachokusoma wewe kama mwenyewe, na atakupigia usiku. Toa memori kadi yako. Rimoti irudishe kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu ile ni kama simu: ina nywila ya Wi-Fi yako na kumbukumbu za kila mahali uliporusha. Nakala ya kumbukumbu hizo jihifadhie kwanza, pamoja na karatasi ya mauziano. Siku mtu akidai droni yenye seriali namba hiyo ilionekana juu ya ukuta wake, utakuwa na tarehe ya kumwonyesha.